Tawi limebadilika, akaunti imebadilika: chama chetu kitume pesa wapi?

Swali: "Mimi ni mweka hazina wa chama cha akina mama kumi na wanne hapa Umoja. Tumechanga tangu mwaka juzi, na sasa tunataka kununua hema mbili na viti 300 vya plastiki tuanze kukodisha kwenye harusi na matanga. Muuzaji yuko Viwandani, jumla ni Sh640,000. Alitutumia kwa WhatsApp jina la benki, tawi, namba ya akaunti na 'branch code'. Tukiwa bado tunatafuta sahihi za wenzetu, ujumbe mwingine ukaingia kutoka namba tofauti: ofisi imehamisha akaunti, tutumie tawi jingine, na namba mpya zikafuata. Mwenyekiti anasema hiyo code ni kitu cha kujaza tu, mradi akaunti iko sawa pesa zitafika. Katibu anasema tukikosea hata tarakimu moja zimepotea. Nani anasema kweli? Na code ikiwa sahihi, si ndiyo dhamana kwamba akaunti ni halali? Au tutume tu kwa M-Pesa?"
Mweka hazina, Umoja

Jibu: Dada mweka hazina, kabla ya lolote, hizo pesa zisitoke. Zisiende akaunti ya kwanza wala ya pili. Mwenyekiti na katibu waendelee kubishana kuhusu msimbo. Kilichonishtua mimi katika barua yako ni ule ujumbe uliotoka namba nyingine. Nitaufikia. Lakini umeuliza kuhusu msimbo, na ukishaujua kazi yake utaona pia kwa nini hauwezi kukuokoa hapo ulipo.

Neno lenyewe huleta matatizo yake. Fomu zetu karibu zote zimeandikwa "Branch Code", nasi kwa Kiswahili twasema msimbo wa tawi, au namba ya tawi. Wapo wanaosema "kodi ya tawi". Nilipokuwa bado karani wa kaunta benki, mzee mmoja wa Kariobangi alikataa katakata kujaza kisanduku hicho. Alisema kodi ya tawi ilipwe na wenye benki, yeye tayari ana kodi yake ya nyumba na imemshinda.

Msimbo kamili hapa Kenya una tarakimu tano. Mbili za mbele ni za benki, tatu zinazofuata ni za tawi. KCB ni 01, Absa ni 03, Co-operative ni 11, Equity ni 68. Kwa hiyo ukikuta 01100, ikate baada ya tarakimu ya pili: 01 ni KCB, 100 ni tawi lake la Moi Avenue hapa mjini. Kuna fomu zenye kisanduku kimoja cha tarakimu zote tano, na kuna zenye viwili, kimoja cha benki na kingine cha tawi. Hizi za visanduku viwili ndizo huwachanganya watu. Utamkuta mtu ameandika 01 kwenye cha kwanza, kisha akarudia 01100 kwenye cha pili. Kikiwa cha tawi peke yake, andika tatu za mwisho basi.

Unataka kuona wa kwenu? Toa kitabu cha hundi cha chama. Chini kabisa ya kila karatasi kuna mstari wa tarakimu zenye umbo la ajabu, kana kwamba zimechongwa kwa shoka. Mle ndani mna namba ya hundi, msimbo wa benki na tawi, na namba ya akaunti. Tarakimu zile zimepigwa kwa wino maalumu ili mashine isome bila mtu kuandika upya. Ndiyo maana nikitaka kuhakikisha msimbo wa mtu huwa naomba picha ya hundi aliyoiandika "imefutwa" kwa kalamu kubwa. Mdomo wa mtu husahau, hasa sifuri.

Sasa, kwa nini benki ijali tawi hata kidogo? Hapo zamani akaunti ilikuwa mali ya tawi hasa. Leja ilikuwa pale, kadi yenye mfano wa sahihi yako ilikuwa pale, na namba ile ile ya akaunti ingeweza kuwa ya mtu mwingine kabisa katika tawi la mji mwingine. Hundi ya Nakuru ikiletwa Nairobi ilibidi irudi Nakuru yenyewe, karatasi kwa mkono, ikalinganishwe sahihi ndipo mwenye haki alipwe. Msimbo ndio uliowaambia makarani waitupie gunia lipi. Kuanzia mwaka 2011 hundi zetu ziliacha kusafiri. Sasa benki hutumiana picha ya hundi pamoja na zile tarakimu. Magunia yakaisha, msimbo ukabaki.

Leo benki nyingi zina mtambo mmoja wa kati, na namba ya akaunti ni ya kipekee katika benki nzima. Ushahidi unao kwenye simu yako. Unapoweka pesa kwa paybill ya KCB, 522522, au ya Equity, 247247, unaulizwa namba ya akaunti na kiasi. Hakuna anayekuuliza tawi, na pesa zinafika. Benki imeijua akaunti bila kuambiwa ilifunguliwa Kisumu au Kawangware. Hapo mwenyekiti wako ana hoja, tena nzuri.

Lakini paybill ni mlango wa benki moja. Ukitoa pesa benki hii kwenda ile, yaani kwa EFT au RTGS (njia mbili nitakazozieleza chini), maagizo yenu yanapita katikati, na pale katikati kinachosomwa kwanza ni msimbo. Zile mbili za mbele zikikosewa, maagizo yanaenda benki nyingine kabisa, ambayo itatafuta namba ya akaunti isiyo yake. Kwa kawaida haitaiona, na pesa zitarudi kwenu baada ya siku moja au kadhaa, na ada mmeshakatwa. Zile tatu za tawi zikikosewa ilhali benki na akaunti ni sahihi, mara nyingi pesa huingia. Mara nyingine hukwama mezani kwa karani anayepiga simu kuuliza, na mara nyingine hurudishwa. Ni usumbufu. Hazijapotea.

Kosa la kuogopa ni la namba ya akaunti. Geuza tarakimu mbili, iwe 47 badala ya 74, na kama bahati yako ni mbaya utakuta hiyo nayo ni akaunti hai ya mtu mwingine katika benki ile ile. Msimbo uko sawa, tawi liko sawa, na pesa zimeingia kwa mtu asiyekujua. Usitegemee jina ulilojaza kwenye fomu likuokoe hapo. Mtambo hupeleka kwa namba. Kama kuna jicho la binadamu linalolinganisha jina, si kila benki wala kila siku. Kwa hiyo katibu naye ana hoja, ila ameielekeza kwenye kisanduku kisicho chake. Akitaka kuogopa tarakimu moja, aogope ya akaunti.

Nikuonyeshe kosa moja kwa karibu, kwa sababu wewe kama mweka hazina nadhani orodha zako ziko kwenye kompyuta. Miaka kadhaa nilifanya kazi katika chumba cha nyuma cha benki moja, kule malipo yanakokaguliwa kabla ya kutoka. Ijumaa moja mwisho wa mwezi ikaja orodha ya mishahara ya taasisi ndogo, watu arobaini na kitu. Karani wao alikuwa ameipanga vizuri kwenye Excel, mistari imenyooka, rangi ya kijani juu. Ila Excel ikiona namba inayoanza na sifuri huila ile sifuri. Msimbo 01100 ulikuwa umegeuka 1100. Akaunti za tarakimu kumi na nne zilikuwa zimefupishwa zikawa kitu kama 1.12E+13, kama hesabu ya kidato cha nne. Msimamizi wangu, mama mmoja aliyekuwa amevaa miwani mbili, moja kichwani na moja puani, aliitazama kama sekunde tatu akasema, "Hawa leo hawali." Tukapiga simu. Yule karani alikuwa ameshapanda matatu kwenda mashambani. Walilipwa Jumanne.

Kwa hiyo safu ya msimbo na safu ya akaunti zigeuze ziwe maandishi kabla hujaandika chochote ndani. Kisha hesabu tarakimu kwa kidole. Akaunti za KCB zina tarakimu 10, za Equity 13, za Co-operative 14. Ukipewa akaunti inayodaiwa kuwa ya Equity na ina tarakimu kumi na mbili, hata usiende mbali, moja imeanguka njiani.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi: msimbo ukiwa sahihi, si ni dhamana? La. Orodha za misimbo ya benki na matawi ziko wazi kwa kila mtu, na hakuna ubaya, kwa sababu si siri. Maana yake tapeli naye anazo. Anayetaka kuwaibia atawapa msimbo usio na kasoro yoyote, kwa sababu anataka pesa zifike, tena haraka kuliko mnavyotaka ninyi. Mimi nimeona misimbo mingi iliyokosewa na karibu yote ilikuwa ya watu waaminifu wenye haraka. Msimbo unauambia mtambo pesa ziende nyumba gani. Nani atakayefungua mlango, haujui.

Tazama sasa kilichowapata. Mna makubaliano na muuzaji, bei imejulikana, sahihi zinatafutwa. Katikati ya hapo inaingia namba ngeni ikisema akaunti imehama. Huu mchezo ni wa zamani na duniani kote huchezwa hivyo hivyo: mtu anaingia katika mazungumzo ya watu wawili, ama kwa kudukua barua pepe, ama kwa kupenyezewa habari na mfanyakazi, ama kwa kuishika simu ya mmoja wao, kisha anasubiri saa ya malipo. Haombi pesa zaidi. Anaomba zile zile, ila kwa mlango mwingine. Inawezekana kweli ofisi imehamisha akaunti. Kampuni huhama benki, matawi hufungwa, benki hubadilisha majina. Barclays ya hapa ikawa Absa mwaka 2020, na NIC na CBA zikaungana zikawa NCBA mwaka 2019, kwa hiyo ankara za zamani zenye majina yaliyokufa bado zinazunguka mjini. Sitaki kumhukumu muuzaji wenu. Nasema tu kwamba habari ya namna hii haithibitishwi kwa kujibu namba iliyoileta.

Msimbo hata hivyo unaweza kukusaidia kwa njia ya pembeni. Chukua ule mpya, uangalie kwenye orodha ya benki husika ni wa tawi gani. Kama ujumbe unasema tawi la Viwandani na zile tarakimu tatu ni za tawi la Mombasa, una swali la kuuliza. Huenda mwenye kampuni alifungulia akaunti Mombasa miaka hiyo akaja nayo Nairobi, na huenda sivyo. Linganisha pia msimbo wa benki na jina la benki. Watu wanaonakili ujumbe kutoka ujumbe mwingine husahau kubadilisha kimoja.

Baada ya hapo, nendeni. Kutoka Umoja hadi Viwandani si safari ya kuaga watu. Nendeni wawili, wewe na mwenyekiti, muingie ofisini kwao, mwonane na yule mliyeelewana naye bei. Mkishindwa kwenda, pigeni simu kwa namba mliyoipata mwanzo kabisa: iliyo kwenye bango lao, au kwenye risiti ya mtu aliyewahi kununua kwao. Msitumie namba iliyo ndani ya ujumbe wa pili. Na mkipiga, msiulize "Je, akaunti yenu ni hii?" Mwacheni yeye asome, ninyi mfuate kwa kalamu. Mtu akisomewa tarakimu kumi na tatu husema "ndiyo, ndiyo" bila kusikiliza.

Ombeni kitu cha karatasi: picha ya hundi iliyofutwa kama nilivyosema, au barua ya benki yenye mhuri inayotaja jina la akaunti, namba na tawi. Jina la akaunti liwe jina la kampuni iliyo kwenye ankara. Hapa msilegee. Muuzaji akisema "tuma kwa akaunti ya bwana Fulani, ndiye mkurugenzi," mwambie akupe ya kampuni. Ikiwa ni kampuni yenye dhima ya kikomo, mnaweza kuomba hati ya CR12 kupitia eCitizen, ambayo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Na ankara yao ikiwa ya eTIMS, ule mfumo wa ankara wa mamlaka ya ushuru, itabeba jina na PIN ya muuzaji. Lilinganishe hilo jina na la akaunti, herufi kwa herufi.

Kuna jaribio ambalo watu hupenda: kutuma kiasi kidogo kwanza. Ni zuri, lakini wengi hulifanya vibaya. Wanatuma mia, wanaandika kwenye WhatsApp "nimetuma mia, umeona?", wanajibiwa "nimeona, asante, tuma zilizobaki." Ikiwa anayejibu ni tapeli, bila shaka ameona, akaunti ni yake! Tuma kiasi kisicho cha kawaida, tuseme Sh137, usimtajie mtu. Kisha mpigie yule wa Viwandani kwa namba ya zamani umwulize ameingiziwa shilingi ngapi leo. Akisema mia moja thelathini na saba, mnaweza kupumua kidogo. Akisema hajaona kitu, mmeokoa Sh639,863.

Njia ya kutumia sasa. M-Pesa ina ukomo wa Sh250,000 kwa mara moja na Sh500,000 kwa siku, kwa hiyo zenu hazitoki siku moja hata mkitaka. Zaidi ya hapo itabidi pesa za chama zipite kwenye laini ya mtu mmoja, na mimi chama chochote kinachopitisha laki sita kwenye simu ya mwanachama mmoja nakiombea dua. Uzuri wa M-Pesa kwa mtu na mtu ni kwamba jina la mpokeaji linaonekana kabla hujamaliza, na ukikosea namba ya simu unaweza kupeleka ule ujumbe kwa 456 kuomba urejeshewe. Kwa kazi hii haifai.

PesaLink ilianza mwaka 2017 na inaunganisha benki zetu moja kwa moja, usiku na mchana, hadi Sh999,999 kwa mara moja, ingawa benki yako inaweza kuweka ukomo wa chini zaidi. Pesa huingia papo hapo. Akaunti za chama zinazohitaji sahihi tatu si zote zimefunguliwa njia hii, kwa hiyo ulizeni tawini kwenu.

EFT hukusanywa kwa mafungu na kupita kwenye nyumba ya malipo ya benki; ni ya bei ya chini, na kwa kawaida huingia siku ya kazi inayofuata. RTGS hupita kwenye mtambo wa Benki Kuu uitwao KEPSS, ulioanza mwaka 2005, na kila malipo husafiri peke yake hadi kwenye akaunti siku hiyo hiyo. Tangu mwaka 2009 malipo ya zaidi ya shilingi milioni moja hayaruhusiwi kwenda kwa hundi wala EFT, lazima RTGS; yenu ni chini ya hapo, kwa hiyo mna uhuru wa kuchagua. Jueni tu kwamba RTGS ikishakamilika imekamilika. Hakuna kitufe cha kuirudisha.

Fomu ya RTGS huenda ikawauliza pia msimbo wa SWIFT. Huo ni mwingine, una herufi, kwa mfano wa KCB ni KCBLKENX, na unatambulisha benki na si tawi. Msijaze tarakimu za tawi hapo. Na mtu akiwadai IBAN, yaani namba ya akaunti ya mtindo wa kimataifa, kwa akaunti ya Kenya, Kenya hatutumii IBAN.

Ningekuwa mimi, ningetuma kwa RTGS au PesaLink, na nisingetuma zote. Nusu sasa, nusu viti vikishuka kwenye lori na kuhesabiwa. Muuzaji wa kweli wa Viwandani ameshayasikia masharti hayo mara nyingi, hatashangaa. Na mkiwa kaunta, msimruhusu karani ajaze fomu huku ninyi mkimsomea kutoka kwenye simu iliyopasuka kioo. Andikeni wenyewe nyumbani, kwenye karatasi, kwa nafasi kila baada ya tarakimu nne, mwanachama mmoja asome kutoka kwenye hundi ile, mwingine aangalie karatasi. Kisha mbadilishane. Kazi ya dakika mbili.

Na ikitokea mmeshatuma vibaya? Saa ya kwanza ina thamani kuliko wiki nzima inayofuata. Pigeni simu benki yenu hapo hapo, kisha nendeni tawini na barua na risiti yenye namba ya rejea, muombe malipo yaitwe nyuma. Benki yenu itaandikia ile iliyopokea. Ikiwa pesa bado zimo, zinaweza kuzuiwa. Lakini benki haiwezi tu kuzichota kwenye akaunti ya mtu na kuwarudishia bila yeye kukubali au bila amri ya mahakama. Hapa ndipo watu hukasirika wakadhani benki inamficha mwizi. Nimewahi kukaa na mwanamume aliyekosea tarakimu moja akamtumia mstaafu mmoja pesa za kisima. Mstaafu hakuwa mwizi, alidhani ni malimbikizo ya pensheni, na alikuwa ameshalipa karo ya wajukuu. Walimaliza kwa kurudishiana kidogo kidogo kwa miezi mitano, na nasikia siku hizi husalimiana Krismasi.

Mpokeaji akijua pesa si zake na akazing'ang'ania, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inalitambua hilo kama kosa la jinai. Na ikiwa ni utapeli wenyewe, andikisheni polisi mpate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), kisha muulizie kitengo cha upelelezi wa ulaghai wa benki cha DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ambacho kazi yake ni hiyo tu. Benki isipowasikiliza, malalamiko yaliyoandikwa yanaweza kwenda Benki Kuu, lakini hakikisheni kwanza mmelalamika kwa benki yenu kwa maandishi na mna nakala.

Jambo la mwisho ni la daftari lako, kwa sababu mwaka ujao atakuja mweka hazina mwingine na maswali yake. Usiandike tu "viti na hema, Sh640,000". Andika tarehe na saa, njia iliyotumika, msimbo wote wa tarakimu tano, jina la tawi, namba ya akaunti, jina la akaunti kama lilivyo kwenye hundi iliyofutwa, na namba ya rejea. Ule ujumbe wa pili uchapishe uubandike hapo pembeni, hata kama utagundulika kuwa ni wa kweli. Chini yake andika mlithibitisha siku gani, kwa simu au kwa miguu, na jina la mliyezungumza naye kule Viwandani.